Bilauri Mbili za Maziwa ya Mbodze

Jumatatu, 15 Aprili

Bismillahi. Mimi ni Ubaid bin Abdulghafur wa Kibokoni. Mji wa Kale mzima wanijua, na asiyenijua mimi basi babake alinijua. Miaka ishirini na saba nimeuza maziwa kwa baisikeli katika vichochoro hivi, tangu daraja la Nyali lilikuwa bado lile la zamani la kuelea majini. Nyumba mia na sita, na sikuandika hata moja, zote zilikuwa kichwani. Herufi hizi nilijifunza ukubwani kwa kusoma mabango ya maduka Biashara Street, bila mwalimu, bila fimbo. Wangapi waweza?

Daftari hili kanipa mwanangu Raihana. Latoka ofisini kwao Kilindini, kwa wale mawakala wa kutoa mizigo forodhani, na kila ukurasa una tarehe yake. Alinipa niandike saa za vidonge vya presha. Mimi nitaandika jambo kubwa zaidi ya vidonge. Naweka ushahidi.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla ya Ramadhani niling'olewa meno manne ya mwisho. Nyama siiwezi tena. Raihana akasema, "Baba, sasa ni maziwa. Bilauri kubwa mbili kila siku, yakupe nguvu." Nikasema sawa, maziwa nayajua mimi kuliko aliyeyakamua. Yaletwa na Mbodze, mama wa Kigiriama wa kule Junda, Kisauni. Ana ng'ombe watatu, avuka daraja na madumu yake kila asubuhi na kugawa nyumba kumi na nne za mtaa huu. Tangu mwezi ule tumbo langu si tumbo. Lafura, languruma kama lori la taka, kisha mbio chooni. Mimi! Mimi niliyekula pweza mkavu na muhogo wa jana nikalala kama mtoto mchanga.

Basi kuna kitu ndani ya maziwa yale. Nitaandika kila siku mpaka kijionyeshe.

Mvua: kubwa. Maziwa: bilauri mbili. Tumbo: limeharibika.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua: kubwa. Maziwa: bilauri mbili. Tumbo: limeharibika.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua: kutwa. Maziwa: bilauri mbili. Tumbo: mara tatu, na ya tatu sikuwahi kufunga mlango.

Nilimwambia Mbodze asubuhi, "Mama, haya maziwa yako mbona mepesi?" Akacheka akatia kidole katika dumu akanionyesha yalivyoshika. "Baba, haya ukiyaacha mpaka adhuhuri yafanya utando wa kulalia." Akacheka tena. Mtu mwenye haki hacheki hivyo.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo sina uso.

Miaka arubaini nasali safu ya kwanza, nyuma ya imamu, upande wa kulia. Mahali pale hapana jina langu wala hapahitaji, mtu yeyote akifika mapema hupaacha wazi. Leo rakaa ya pili tumbo likaanza. Nikalibana. Nikabana meno ambayo sina. Tulipokwenda sijida likanishinda, na udhu ukaenda zake. Sikuvunjikiwa na udhu ndani ya sala tangu niwe mtu mzima.

Basi nikafanya kama tulivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani: ukivunjikiwa na udhu katika jamaa, shika pua utoke, watu wadhani ni damu ya pua, aibu yako isitiriwe. Nikashika pua. Nikapita mbele ya safu ya pili, ya tatu, ya nne, hadi mlangoni, wote wameketi tahiyatu, na mimi nimeshika pua kama mwizi aliyepigwa ngumi. Nje mvua, na viatu vyangu nikavivaa kushoto kulia.

Maziwa: bilauri mbili, asubuhi kabla ya kwenda. Tumbo: nimeshasema.

Jumamosi, 20 Aprili

Barazani kwa Zaki. Zaki ameuza leso, kanga za wanawake, Biashara Street miaka mingi, amestaafu duka lakini ulimi haukustaafu. Baraza ya nyumba yake ndiyo tukaayo baada ya alasiri, watu saba au wanane, na kahawa chungu. Nimefika tu, akasema, "Ami Ubaid, pole na pua."

"Ahsante."

"Damu nyingi?"

"Kidogo."

"Ajabu. Maana mimi nilikuwa safu ya pili nyuma yako, na ile damu nilisikia ngurumo zake."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Na mimi nikacheka. Mimi hucheka na watu, sina moyo wa kike. Lakini nimeandika jina la kila aliyecheka, ukurasa wa nyuma.

Maziwa: bilauri mbili. Tumbo: limeharibika.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua imekatiza njia. Kisauni kumejaa maji. Mbodze hakuja. Maziwa: hapana. Tumbo: limetulia kidogo.

Jumatano, 24 Aprili

Mbodze hakuja. Maziwa: hapana. Tumbo: salama.

Alhamisi, 25 Aprili

Mbodze hakuja. Maziwa: hapana. Tumbo: salama kabisa. Nimekula wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikasali jamaa sala zote tano mahali pangu.

Ijumaa, 26 Aprili

Amekuja, magoti kwenda chini matope matupu, madumu mawili kichwani na begani, asema ametembea toka kwao mpaka barabara kuu kwa kuwa tuktuk hazipiti. Raihana akampa kitambaa cha kujifuta na chai. Mimi nilikuwa nimeketi namtazama tu. Nikanywa bilauri zangu mbili. Kabla ya adhuhuri tumbo likawa lile lile.

Nimemkamata.

Mtu awe hasomi, atasema bahati. Mimi nasoma. Nimefungua daftari nikampa Raihana: "Tazama. Siku tatu hakuja, siku tatu salama. Leo amekuja, tazama."

Raihana akasoma akasema, "Baba, labda ni maziwa yenyewe hayakufai."

"Maziwa hayanifai mimi? Mimi Ubaid?"

"Mbona mimi nayanywa yale yale na sina lolote?"

"Wewe yuwakupenda. Mimi nilimwambia maziwa yake mepesi. Amenitia kitu."

Akafunga daftari polepole akalirudisha mezani. "Baba, hilo neno lisitoke nje ya mlango huu. Mama yule ana watoto."

Ijumaa hii sikwenda kusali msikitini. Nimesali nyumbani.

Jumapili, 28 Aprili

Neno limetoka nje ya mlango. Nimelitoa mwenyewe, barazani, na daftari mkononi. Niliwasomea tarehe moja moja. Hakuna aliyecheka. Zaki alivua miwani. Akasema, "Sisi nasi twayanywa." Mmoja akasema mjukuu wake ametapika juzi. Mwingine akasema ndiyo maana mkewe kichwa chamuuma. Kila mtu akakumbuka la kwake. Hata mimi sikujua kama niko na maneno yenye nguvu hivi. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumatatu, 29 Aprili

Nyumba nne zimemwambia Mbodze asirudi. Maziwa: nimekunywa bilauri moja kuhakikisha. Tumbo: limeharibika. Ushahidi watosha.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Maalim Kamaludin kumtaka anisomee Halbadiri, ile dua ya majina ya mashujaa wa vita vya Badri imshukiayo mkosaji. Sikutaka ugomvi wa polisi. Nataka watu wa Badri waamue, wao hawahongwi.

Maalim alikuwa akisomesha watoto, akawatoa uani. Akanambia, "Ubaid, wamtaja mtu kwa jina?"

"Simtaji. Nasema: aliyetia kitu katika maziwa yangu."

"Na kama hakuna aliyetia?"

"Yuko."

"Nimekuuliza kama hayuko."

"Maalim, mimi maziwa nimeyauza miaka ishirini na saba. Wanifundisha maziwa?"

Akatengeneza kofia yake. "Hii haisomwi ikarudishwa mfukoni. Ikikosa mwenye kosa yamgeukia aliyeitaka. Wallahi nimeona kwa macho yangu. Kalale na jambo hili siku tatu."

"Nimeshalala. Na inigeukie."

Nilisema hivyo. Naandika kama nilivyosema.

Alhamisi, 2 Mei

Imesomwa leo baada ya alasiri, ukumbini kwangu. Watu kumi na mmoja, ubani mwingi mpaka macho yatoka machozi, mvua yapiga madirishani sauti za wasomaji zapotea zarudi. Yaliposomwa majina, watu wameinamisha vichwa, nami nimeinamisha. Nilimuona Mbodze akilini, na kile kicheko chake, na kidole ndani ya dumu.

Raihana hakupika kahawa. Alikwenda kuketi kwa jirani mpaka ubani ukaisha. Alipoingia hakunisalimia.

Sikunywa maziwa leo wala jana. Tumbo: salama. Yaani imeanza kufanya kazi kabla haijasomwa, maana nia ndiyo kitu.

Jumamosi, 4 Mei

Mbodze amekuja mlangoni. Hana madumu. Hakuingia, alisimama kwenye kipandio cha chini mvua yampiga, leso imemganda kichwani.

"Baba Ubaid, nasikia umenisomea."

"Sikumsomea mtu. Nimemsomea aliyefanya."

"Watu wote wajua ni mimi."

"Kama si wewe waogopa nini?"

Akasema, "Kwetu hicho kitu mtu haulizi ana kosa au hana. Akisikia kimesomwa, halali." "Nyumba tisa zimenikataa. Hiyo nayo nitaibeba. Nataka neno moja tu, baba. Uende pale barazani useme, maziwa ya Mbodze ni safi. Hata kama ni mara moja. Nikifa nife na hilo."

"Siwezi kusema nisilolijua."

"Na lile ulilosema, ulilijua?"

Nikafunga mlango. Nimekaa nyuma yake mpaka nikasikia ndara zake zimeondoka katika maji. Alikaa sana.

Jumapili, 5 Mei

Nimenunua maziwa ya pakiti dukani, yaliyofungwa. Bilauri mbili. Tumbo: limeharibika. Ni masalio ya yale ya Mbodze, yamekaa kwenye utumbo.

Jumatatu, 6 Mei

Maziwa ya pakiti, bilauri mbili. Tumbo: limeharibika. Masalio.

Jumanne, 7 Mei

Pakiti. Masalio. Mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Ng'ombe wa Mbodze amekufa, yule mwenye maziwa mengi. Zaki ndiye aliyenipa habari, na alinipa mkono kama apewavyo bwana harusi. "Halbadiri hiyo, Ami. Wiki moja tu!" Barazani leo nimepewa kiti cha mto. Wote wataka nieleze tangu mwanzo. Nimeeleza mara mbili, na mara ya pili nikaongeza kwamba nilinusa dawa katika bilauri. Sikunusa. Lakini hadithi ilikuwa yaenda vizuri.

Raihana asema ng'ombe wengi bara wafa mvua hizi, ni kupe.

Jumanne, 14 Mei

Mbodze ameanguka. Alikuwa akifua, akaanguka juu ya beseni. Upande wa kulia umekufa na mdomo umekwenda kando. Hasemi. Raihana alipata habari kwa simu akiwa kazini, akaja nyumbani mchana, akasimama mbele yangu na mkoba wake begani.

"Umefurahi, Baba?"

Nikamwambia watu wa Badri hawafanyi makosa.

"Alikuwa hali chakula tangu ulipomsomea. Halali usingizi. Presha imepasua mshipa kichwani. Wewe una vidonge vyako vya presha hapo mezani na wajua nasema nini."

Nikasema, sikufanya mimi, nilisoma tu. Yaani walisoma. Mimi niliketi.

Maziwa: sikunywa. Tumbo: salama. Sikuweza kula.

Jumamosi, 18 Mei

Raihana amenipeleka kwa daktari. Alisema nisipokwenda yeye atahama, nami nikajua si mchezo kwa kuwa ameshakunja nguo. Ni daktari wa kike, kijana, Caroline, ana sauti ndogo. Nilimpa daftari. Nilidhani atasoma kurasa mbili aniheshimu. Alisoma lote, kalamu mkononi, atia alama ndogo pembeni.

Kisha akasema, "Mzee, umeandika vizuri sana. Nina wagonjwa wenye digrii hawaniletei kitu kama hiki."

Nikamtazama Raihana kwa fahari.

"Sasa nisomee mwenyewe. Tarehe tano Mei."

"Maziwa ya pakiti. Tumbo limeharibika."

"Sita Mei."

"Pakiti. Limeharibika."

"Pakiti ilifungwa kiwandani. Mbodze aliingiaje ndani yake?"

Nikamwambia masalio.

"Siku tatu za mafuriko masalio yalikwenda wapi?"

Nimekohoa.

Akaeleza. Mtoto mchanga ana kitu tumboni cha kuuvunja utamu ulio ndani ya maziwa. Watu wengi wakikua kile kitu chapungua, na wengine chaisha kabisa. Maziwa yakifika chini hayajavunjwa, yachacha, yafanya upepo, yavuta maji, na huko ndiko kunguruma na kukimbia. Si sumu. Si ugonjwa wa kuua. Watu wazima wengi sana duniani wako hivyo na wajikalia zao, tone katika chai haliwadhuru, bilauri mbili zawashinda. Akauliza, "Zamani ulipokuwa ukiuza, ulikuwa ukinywa kiasi gani?"

Nikafungua mdomo niseme jagi zima. Halikutoka. Kwa sababu sikuwa nikinywa. Maziwa yalikuwa ya kuuza. Nyumbani tulikunywa chai ya rangi, sikukuu chai ya maziwa kijiko kimoja.

Akasema, "Basi hujawahi kunywa maziwa mengi mazima mpaka mwaka huu. Na mama huyo kakuletea mazima. Mzee, yamekudhuru kwa sababu ni maziwa."

Njiani ndani ya tuktuk Raihana alitazama njia tu. Ningependa anigombeze.

Jumapili, 19 Mei

Mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Sikwenda barazani. Nimesema nina homa.

Jumatano, 22 Mei

Maziwa: bilauri mbili, nimeyanywa makusudi, Raihana akiwa kazini, nione kama daktari ni mwongo. Pakiti nyingine, duka jingine. Nimeketi na saa. Dakika arubaini na tano.

Si mwongo.

Alhamisi, 23 Mei

Kuna jambo la kuandika na hakuna atakayelisoma ila mimi, na Mwenyezi Mungu yeye hahitaji daftari.

Nyumba zile mia na sita. Nilikuwa nikiyachukua maziwa Kisauni madumu mawili, na nikifika huku ni madumu matatu. Kulikuwa na mfereji wa maji ya bomba nyuma ya ghala moja, karibu na daraja. Kila siku alfajiri. Mwaka wa kwanza nilitia kikombe cha maji, kisha kopo, kisha sikupima. Kulikuwa na mtoto nyumba ya juu pale Ndia Kuu, mgonjwa, mamake akinunua ya kwake mbali na kuniambia, "Ubaid, haya ni ya mtoto." Nikimpa yale yale. Sijui mtoto yule alikuaje. Sikuuliza.

Ndiyo maana nilijua kwa hakika kwamba Mbodze atia kitu. Kwa nini asitie? Mimi nilitia. Nilimtazama yule mama nikajiona mwenyewe na baisikeli yangu. Na yeye akitembea katika matope toka Junda na maziwa mazima, hata tone la mvua hakuliacha liingie, ameyafunika kwa leso ya kichwa chake.

Ijumaa, 24 Mei

Nimekwenda Junda. Peke yangu, tuktuk mbili na miguu. Nyumba ya chumba kimoja cha mawe, banda nyuma, ng'ombe wawili mbavu nje. Mumewe Tsuma hushusha mizigo bandarini, sasa haendi kazini, amuuguza. Alinikuta mlangoni akasimama katikati yake.

"Ukimaliza kumsomea waja kumtazama?"

"Nimekuja kumuomba radhi."

"Ngoja nimwite aje akupokee basi." Akacheka, kisha akafuta uso kwa kiganja akasogea. "Pita, mzee. Mtu akija kwa mgonjwa harudishwi."

Mbodze yuko kitandani, amefunikwa leso mbili. Jicho moja likanijua. Mdomo ukatoa sauti, si neno. Mkono wa kushoto ukaanza kupapasa leso, wapapasa, wapapasa. Nikasema, "Mbodze, nilikosea. Maziwa yako safi. Tumbo ni langu." Akapapasa. Tsuma akasema, "Wamwambia yeye? Yeye ajua. Alikutaka useme wapi?"

Najua alikotaka niseme.

Jumapili, 26 Mei

Nimesema. Barazani, wote wapo, nimesimama. Nikaeleza daktari, na pakiti, na kile kitu cha watoto wachanga. Nikasema Mbodze hakutia kitu, nilimzulia.

Zaki akatikisa kichwa kwa huruma. "Ami, moyo wako mwema. Umemuona mgonjwa umemhurumia."

"Simhurumii, nasema kweli!"

"Halbadiri imemshika mbele ya macho yetu. Ng'ombe, kisha yeye. Haimshiki asiye na kosa. Mwenyewe ulitwambia ulinusa dawa."

"Nilisema uongo."

"Ulisema uongo siku ile au leo?"

Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akanimiminia kahawa. Akasema mtu mzima akinywa maziwa yakamdhuru basi hata samaki atakufa maji. Sikuwahi kukosa maneno barazani maisha yangu. Yale ya uongo waliyashika siku moja. Haya ya kweli hayana pa kushika.

Jumatatu, 27 Mei

Nilikwenda kwa Maalim Kamaludin, kama aweza kuitengua. Akasoma dua, akanitemea mate ya baraka. Nikamuuliza, "Mbona haikunigeukia mimi?"

Akasema, "Wajuaje?"

Alhamisi, 30 Mei

Mvua imepungua. Nimefua kanzu nyeupe.

Ijumaa, 31 Mei

Naandika taratibu nisikose neno.

Baada ya alasiri nilikwenda kwa Zaki na kanzu yangu nyeupe, ile ya Idi, na pakiti mbili za maziwa na bilauri. Walikuwa wanane. Nikampa Zaki pakiti. "Tazama kama imefunguliwa." Akaigeuza. Haikufunguliwa. "Ifungue wewe." Akaing'ata kwa meno, yeye bado anayo. Nikamwambia amimine. Nikanywa. Akamimina ya pili. Nikanywa. Nikamwambia mmoja wao ashike saa.

"Wafanya nini, Ami?" Zaki aliuliza.

"Nakaa."

Nikaketi katikati ya baraza, mahali pa wazi, wapita njia wote waona. Mwanzo walitania. Dakika kumi, ishirini. Mmoja akasema nimekuwa tangazo la maziwa. Tumbo likaanza kulia, likasikika hadi upande wa pili wa njia, wakacheka. Kisha jasho likanitoka na miguu ikaanza kutetemeka, wakaacha kucheka.

Zaki akasema, "Inuka, Ubaid. Nenda ndani, choo ndicho hicho. Tumeamini."

"Hamjaamini. Mwaniona mgonjwa mwanihurumia."

"Wallahi tumeamini, inuka!"

"Kuna kitu ndani ya pakiti hii? Nani alitia? Mtaje."

Nikashika jiwe la baraza kwa mikono miwili. Wamama wawili walipita na mabuibui yao, wakanisalimu, nikawaitikia salamu. Watoto wa chuo walikuwa watoka. Mimi Ubaid bin Abdulghafur, safu ya kwanza, upande wa kulia. Likaja.

Sikushika pua.

Harufu ilifika kwa kila mtu. Kanzu nyeupe haifichi kitu. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo lakini wote walisikia: "Haya ni maziwa. Yake yalikuwa kama haya, ila mazuri zaidi. Maziwa ya Mbodze ni safi."

Zaki alivua shuka lake la begani akanizungusha kiunoni. Hakutania. Akanishika mkono akanipeleka nyumbani kichochoro kizima, taratibu, akitembea upande wa nje ili watu wasione. Mlangoni akasema, "Nitakwenda nyumba kwa nyumba mimi." Raihana alifungua. Akatazama, akaelewa, akaenda kuteka maji bila kuuliza.

Jumapili, 2 Juni

Tumekwenda Junda, mimi na Zaki. Yeye ndiye aliyesema, karibu na sikio la mgonjwa: "Mbodze, mtaa wote wajua. Maziwa yako safi." Akamtajia nyumba zote kumi na nne, na kila nyumba ilivyosema. Jicho lile lilimtazama mpaka akamaliza. Kisha likanitazama mimi, muda mrefu. Kisha akageuza uso ukutani, kwa shida, upande ule mmoja ukiuvuta mwingine.

Tsuma auza ng'ombe waliobaki. Hakuna wa kukamua.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua imekwisha, upepo wa kusi umeshika. Nasali safu ya mwisho sasa, karibu na mlango. Mahali pangu mbele wamepaacha wazi, na Zaki huniita kwa mkono kila sala. Siendi.

Maziwa: hapana. Tumbo: salama. Mbodze: hajanena.